Tumbaku Safi ya Mama

Morogoro, 12 Machi 1996

Mume wangu Ngassa,

Nimefika mzima. Treni ilitukalisha Tabora karibu siku nzima, na michembe ya viazi uliyonifungia niliimaliza hapo hapo stesheni, nikigawana na mama mmoja aliyekuwa na mapacha. Sasa nina kitanda, nina meza, na nimepewa koti jeupe lenye jina langu kifuani. Miaka saba nimeosha chupa za wanafunzi pale sekondari bila mtu kuniandika jina popote, kwa hiyo usinicheke nikikwambia nililala nalo.

Tuko sita. Tunafundishwa kutafuta masalia ya dawa za wadudu kwenye tumbaku. Tangu soko liachiwe huria, kila mnunuzi anawagawia wakulima dawa yake, na watu wa ng'ambo siku hizi hawachukui tumbaku kabla ya kuuliza imepuliziwa nini. Anayetufundisha ni Bwana Khatibu. Bwana Khatibu amesoma nje, lakini hana makuu. Ametuonyesha hatua zote: unasaga jani kavu, unapima gramu kumi, unaloweka kwenye asetoni, unatikisa, unachuja, unapitisha kwenye bomba la kioo lenye unga mweupe unaobakiza rangi na uchafu, halafu unakausha mpaka yabaki matone machache. Tone moja linaingia kwenye mashine kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mashine inachora kwenye karatasi. Pasipo na dawa mstari unalala, penye dawa unainuka kilima. Bwana Khatibu anasema kila dawa ina dakika yake ya kutoka. Nilipochoma sindano mara ya kwanza Khatibu akasema nina mikono iliyotulia, akawaita wengine waje waone. Khatibu si mtu wa kusifu ovyo.

Mama anaendeleaje? Ule mkono wake unaotetemeka nimekuja nao kichwani. Mwambie namsalimu, mayu wangu, na apunguze ugoro kidogo.

Mkeo,
Justina


Migato, 2 Aprili 1996

Mke wangu Justina,

Mwangaluka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha, ya pili polepole, ya tatu nikiwa na kalamu. Umemtaja Khatibu mara tano. Mimi umenitaja jina mara moja, na ni pale juu ambapo mtu hana budi kutaja.

Tena nimeona kitu. Ulianza na Bwana Khatibu, Bwana Khatibu. Ukifika kwenye habari za mikono, ubwana umeanguka. Amebaki Khatibu.

Mimi niko hapa na ghala langu. Karani wa kupima pamba wa chama cha msingi Migato, ndiye mimi, ila siku hizi pamba hainipitii. Wanunuzi binafsi wameleta mizani yao, wanapimia barabarani chini ya turubai, na wakulima wanakwenda huko huko. Jana nimefungua ghala asubuhi, nimefagia, nimekaa, nimefunga. Dawa ya pamba ya msimu uliopita imebaki makopo manne na hakuna anayekuja kuiuliza, maana mnadani kuna watu wanauza dawa za kila aina kwa kupima na kijiko. Kwa hiyo nina nafasi nyingi ya kusoma barua.

Mama hajambo. Mkono ni uzee tu. Ugoro hatapunguza, nilipomwambia alininusia usoni akacheka.

Felisita, jirani yetu, ananiletea mboga siku mbili tatu kwa wiki. Ana mkono mtamu. Nakwambia tu ili usiwe na wasiwasi kwamba nalala njaa.

Huyo bwana ameoa?

Mumeo,
Ngassa


Morogoro, 21 Aprili 1996

Ngassa,

Ameoa, mke wake yuko Tanga. Umefurahi? Na mwambie Felisita asizidishe chumvi, tumbo lako nalijua mimi.

Sikuja huku kutafuta mtu. Nimekuja kwa sababu mkuu wa shule alitaja jina langu na wewe mwenyewe ukasema nenda. Nilikuuliza mara mbili, ukasema nenda. Basi niache nisome.

Sasa nina shida na wewe ndiye wa kunisaidia. Mwezi wa sita tuna mtihani wa vitendo. Unachukua tumbaku safi, isiyo na dawa hata chembe. Unatia dawa kidogo kwa kipimo unachokijua, halafu unaitafuta kwa hatua zote kama vile hujui. Ukitia kumi ukarudisha tisa, mikono yako inaaminika na cheti unapata. Ukirudisha kumi na nane, ina maana tumbaku yako haikuwa safi au wewe mchafu. Wenzangu wanahangaika kutafuta tumbaku safi, maana za Urambo na Kahama zote zimepuliziwa. Mimi nikasema, mama mkwe wangu analima ya ugoro nyuma ya nyumba na hajawahi kupulizia kitu maishani mwake. Wote wakageuka kuniangalia. Nilijisikia fahari kwa ajili yenu.

Nitumie majani sita makavu, kutoka kwenye chungu anachohifadhia tumbaku yake. Osha mikono kwanza. Funga kwa gazeti ambalo halijalala ghalani. Usiyaweke karibu na yale makopo hata dakika moja, mashine hii inaona kitu ambacho jicho haliwezi kuota. Mzigo mpe binamu yako Novatus pale stesheni ya Shinyanga, ataupakia.

Mtihani huu ndio kila kitu, Ngassa. Nikishindwa narudi kuosha chupa.

Justina


Migato, 10 Mei 1996

Mke wangu,

Nimepokea maagizo. Majani sita yametoka kwenye chungu cha mama na yeye mwenyewe ndiye aliyeyachagua, akasema mkwewe apewe mazuri. Mikono nimeosha. Gazeti ni safi.

Nakutakia mtihani mwema. Wasalimie huko, hasa wale wanaopenda kuangalia mikono ya watu.

Ngassa


Migato, 10 Mei 1996

Binamu Novatus,

Mzigo huu ni wa Justina, Morogoro. Pakia treni ya kwanza.

Nakwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu, na hapa kijijini hakuna mdomo unaofungwa. Majani haya nimeyapangusa dawa. Nilichovya kitambaa kwenye dawa ya pamba ya ghalani, nikapangusa majani yote sita mbele na nyuma, nikayaanika kwenye bati mpaka yakakauka. Huwezi kujua kwa pua, tumbaku inafunika.

Usinitazame hivyo. Hujui kukaa ghalani peke yako na barua yenye jina la mwanamume mwingine mara tano. Nalisikia nikipiga mswaki. Nalisikia padre akihubiri. Nafikiria Justina ameinama juu ya ile mashine na huyo mwalimu wake Khatibu amesimama nyuma yake anamwelekeza, na koti jeupe lina jina lake, na mimi hapa mizani yangu imeshika kutu. Akishinda atapata cheti, atapata kazi huko, na mimi nitakuwa nani? Bwana ghala asiye na pamba. Akishindwa atalia wiki moja, atarudi Migato, nitambembeleza, yataisha. Na huyo Khatibu ataona kwamba ile mikono si chochote.

Majani ni ya kusagwa tu, hakuna atakayeyala. Simdhuru mtu.

Ngassa


Shinyanga, 16 Mei 1996

Ngassa,

Mzigo umeondoka jana. Nilikaa nao mezani mchana kutwa nikitaka kuutupa, nikaona si mke wangu.

Wewe ni mjinga. Nakwambia kama ndugu. Mwandikie umwambie kabla hajausaga, barua inaweza kuuwahi. Na oga.

Novatus


Morogoro, 8 Juni 1996

Mume wangu,

Naandika haraka, nataka iondoke na posta ya mchana. Tumbaku ya mama ina sumu.

Kabla ya mtihani tunapitisha ile tumbaku tupu, bila kutia kitu, kuthibitisha kwamba ni safi. Nilipitisha yangu mbele ya wote. Nilisema, mtaona mstari umelala kama uwanja wa mpira. Ngassa, viliinuka vilima vitatu. Kimoja mwanzoni, kirefu, kalamu ilipanda mpaka ikagonga juu ya karatasi. Halafu viwili vinavyofuatana baadaye. Nikaosha kila chombo, nikarudia. Vitatu vile vile. Wenzangu wakasogea kuiangalia karatasi. Mmoja akacheka.

Nimepewa nafasi nyingine, nitatumia tumbaku ya mwenzangu. Lakini hilo nimelisahau saa ile ile. Nilichofikiria ni kwamba mama anavuta kitu hiki puani asubuhi, mchana na jioni, na mkono wake unatetemeka.

Bado hatujui ni dawa zipi. Lazima tupitishe dawa moja moja tulinganishe dakika, na gesi ya mashine imekwisha, tunasubiri mtungi kutoka Dar. Usingoje tujue. Leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie mama aache ugoro. Chungu kifukie. Akikasirika mwambie ni mimi nimesema, anikasirikie mimi.

Nakuwekea nakala ya karatasi uone.

Justina


Migato, 24 Juni 1996

Novatus,

Imefanya kazi, kupita nilivyotaka. Vilima vitatu! Mimi nimepaka dawa moja, mashine yao imeona tatu. Basi ndiyo mashine ambayo bwana mkubwa amesomea nje. Nilicheka peke yangu ghalani mpaka Kwandu, yule mama wa jirani, akachungulia dirishani.

Ila sikucheka sana. Ameandika kwa hofu. Anataka nimkataze mama ugoro na kufukia chungu. Nitamkatazaje mama kitu ambacho ndicho starehe yake pekee, wakati najua sumu ilitoka kwenye kitambaa changu? Nikimwambia atamlaumu Justina kwa kumsingizia tumbaku yake. Nikimwambia ukweli atanilaumu mimi. Nimeona ninyamaze, na Justina nimjibu mama ameacha. Kila mtu atatulia.

Kinachoniuma ni kwamba hakufukuzwa. Amepewa nafasi nyingine. Na nani? Unafikiri nani ndiye anayegawa nafasi?

Ngassa


Migato, 24 Juni 1996

Mke wangu Justina,

Pole kwa aibu iliyokupata. Usiogope tena. Mama nimemwambia siku ile ile, alinung'unika kidogo, ameacha. Chungu nimekifukia nyuma ya zizi. Anasema wabeja kwa kumjali.

Sasa naona kazi yako huko imekwisha nusu. Mtihani wa pili ni lini, na nani atausimamia? Mtakuwa wangapi chumbani? Nauliza kama mume.

Felisita ameolewa Mkula, kwa hiyo napika mwenyewe. Rudi.

Ngassa


Morogoro, 14 Julai 1996

Ngassa,

Ulivyoandika kwamba mama ameacha nilikaa chini kwenye ngazi ya maabara nikalia. Ahsante. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo kiasi gani. Najua kumkataza mama kitu si kazi ndogo, na umefanya, nami nimekuona mume tena baada ya miezi ya maneno yako ya kunichoma.

Mtihani nimeufanya. Nilitia kumi nikarudisha tisa na nusu. Cheti ninacho.

Gesi imekuja na tumejua dawa. Vile vilima viwili vinavyofuatana ni dawa moja, ile ya pamba, ndivyo inavyotoka siku zote, kama watu wawili wa nyumba moja. Nimewaambia wakubwa kwamba pengine mikono yako ilitoka ghalani. Usijali, halina neno sana.

Kile cha kwanza ndicho kinachonitisha. Hakihusiani na pamba. Ni unga wa kuhifadhia nafaka, ule wa kuua dumuzi, wa aina kali ambayo sehemu nyingine wameshaikataza. Na ni mwingi kuliko ile ya pamba mara ishirini. Unga huu unakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Mtu anaanza na kutetemeka mkono, anasahau maneno, halafu siku moja anaanguka na kukakamaa. Tazama mama anaweka nini kwenye tumbaku yake. Muulize kwa upole. Tungechelewa miezi miwili mingine, Ngassa, sijui ningekuta nini.

Kuna jambo la pili. Wameniomba nibaki hapa niajiriwe. Nimewajibu nina mume na nina mama, nyumbani ni Migato. Nitarudi mwisho wa Agosti.

Mkeo,
Justina


Migato, 4 Agosti 1996

Justina,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichoma.

Mama yuko hai. Naanza na hilo. Alianguka tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, asubuhi, amekaa nje anachambua mchicha. Kwandu alipiga yowe nikatoka mbio. Mwili umekakamaa, macho yamegeuka, mdomo una povu. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, tukapata lori la pamba la hao wanunuzi ninaowatukana kila siku, likatufikisha Bariadi. Alianguka tena mara mbili akiwa kitandani. Daktari akaniuliza amekula nini, nikasema ugali na mchicha. Akauliza kuna dawa yoyote nyumbani, nikasema hakuna. Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeipata tarehe ishirini na saba nilipopita posta kutoka hospitali. Niliisoma nimesimama kwenye foleni. Nilirudi kwa daktari nikiwa nimeishika, nikampa asome mwenyewe.

Mama hakuacha ugoro, Justina. Sikumwambia. Alinusa siku ile ulipoandika, na siku nilipokujibu, na asubuhi ile ya mchicha.

Sikumwambia kwa sababu nilijua sumu imetoka wapi. Niliipaka mimi. Majani yako sita niliyapangusa dawa ya pamba kwa kitambaa ili ushindwe mtihani urudi. Ndivyo vile vilima vyako viwili. Nilipoona vitatu nilidhani mashine inasema uongo, nikaicheka, nikadhani vyote ni vyangu. Kile cha kwanza sikukijua. Uliniletea habari ya kumwokoa mama nikaikunja nikaiweka mfukoni kwa sababu nilidhani ni ujanja wangu mwenyewe unanirudia.

Nimerudi nikafungua chungu. Kwandu alikuwa amesimama nami. Chini kuna unga mweupe, unene wa kidole. Anasema mama ananunua mnadani kwa yule anayepima kwa kijiko kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi. Wadudu walikuwa wanatoboa tumbaku yake, akaona unga unaolinda mahindi utalinda na majani. Na kijiko kimoja kwa gunia nilimfundisha mimi. Enzi zile unga unakuja ghalani kwenye kopo, wa aina nyingine, nami ndiye niliyekuwa nawasomea akina mama maandishi: usiweke kwenye kitu cha kuliwa leo, pepeta, osha. Kopo lilipokoma kuja, maandishi yalikoma, kijiko kikabaki.

Sasa mama anakaa, anakula, lakini mikono yote miwili inatikisika na maneno yanampotea. Jana aliniita kwa jina la baba.

Nitakwambia na jambo la mwisho, kwa kuwa nimeshavua nguo zote. Hata sasa, barua yako ya cheti, nilipomaliza kuisoma kwa machozi, niliirudia tena kutafuta jina lake. Halimo hata mara moja. Na badala ya kufurahi nikajiuliza kwa nini ameacha kumtaja. Ndivyo nilivyo. Sijui dawa yake.

Ngassa


Morogoro, 21 Agosti 1996

Ngassa,

Nimewaambia wakubwa kwamba naikubali kazi.

Nakuja kwa treni ya tarehe thelathini. Novatus atanipokea Shinyanga, nitafika Migato siku ya pili yake. Nitakaa siku mbili. Namchukua mama, kuna daktari wa mishipa ya fahamu hapa na nimeshamweleza. Akikataa kuja nitambembeleza mimi, wewe usiseme kitu.

Umeniuliza tangu Aprili kuhusu Khatibu. Nitakujibu leo kwa mara ya mwisho. Mwezi wa tano aliniuliza kama ndoa yangu ni ya kweli au ya cheti tu. Nilimjibu ni ya kweli. Aliomba radhi na hakurudia, na tangu hapo sikumtaja kwako kwa sababu nilijua utakavyokuwa. Hilo ndilo pekee nililokuficha. Kwa hiyo pua yako haikukosea kabisa, jipongeze. Siku ile nilipomjibu hivyo, majani yako yalikuwa kwenye treni.

Mtihani ningekusamehe. Nilishasema moyoni, nikiwa bado nasoma katikati ya barua yako, nitamsamehe huyu mwanamume mjinga. Halafu nikafika kwenye ugoro. Uliniandikia "ameacha, anasema wabeja". Ulimtungia mama yako shukrani. Nililia kwa furaha kwenye ngazi kwa neno ambalo hakulisema, na yeye saa ile ile alikuwa ananusa.

Chungu usikifukie. Nitakuja kukichukua jinsi kilivyo, na unga wake. Wapo akina mama wengi wanaonunua kwa kijiko kile.

Justina


Morogoro, 17 Oktoba 1996

Barua hii ni ya mama yako. Yeye anasema, mimi naandika. J.

Ngassa ng'wanawane,

Mwadila. Nimefika siku nyingi na sikukuandikia kwa sababu ulimi ulikuwa mzito. Sasa umeanza kufunguka. Huku kuna milima imesimama mlangoni kabisa, ukiamka unaiona imekuangalia. Ng'ombe ni wachache na hawana nundu za maana.

Dawa ninazopewa ni chungu lakini namaliza. Mkono wa kulia umetulia kidogo. Juzi nilishika kikombe cha uji mwenyewe, nikamwaga nusu, nusu nikanywa. Ugoro nimeacha. Pua inauliza kila asubuhi lakini nimeacha. Justina ananiosha kama mtoto, namwambia aniache, haniachi. Ulioa vizuri.

Huyu mkeo hacheki siku hizi. Namuuliza mmegombana nini, anasema mama kunywa uji. Nami nimezaa watoto sita, najua nyumba ikinyamaza.

Nina neno moja la kukuuliza. Juzi Justina aliponiosha kichwa alisahau akasema, mama, ungeacha nilivyoagiza mwezi wa sita. Nikamwambia hukuagiza. Akasema niliandika. Nikamwambia basi barua haikufika, maana Ngassa angeniambia. Mwanangu hawezi kupata habari ya uhai wangu akanyamaza. Akatoka nje akakaa huko mpaka maji yakapoa.

Sasa nakuuliza wewe, iliyoandikwa ilifika? Kama ilifika ukasahau, sema nilisahau. Una ghala, una shamba, una ng'ombe, mtu husahau, sitakasirika. Ningeacha siku ile ile, unajua. Nilikuwa nakucheka tu niliponusa usoni kwako. Ungesema kwa nguvu mara moja ningeacha.

Kwandu mpe kuku mmoja, yule mweusi. Mtetea mwekundu usimchinje, anaatamia.

Mama yako,
Nyanjige

Ngassa, nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Hajui kitu. Kila gari la posta likipita ananiuliza kama jibu lako limekuja, na macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemsomea. Nitasoma utakachoandika, neno kwa neno, na ukiandika kwamba ulisahau, nitamsomea kwamba ulisahau.

Justina